Jino la kupandikiza: namna ya kulinda ufizi na mfupa unaolishika

Jino la kupandikiza halitoboki. Skrubu yake ni ya titani, taji lake, ile sehemu inayoonekana kama jino, ni la kauri au zirkonia, na hakuna bakteria wa kuvila vitu hivyo. Ndiyo maana watu wengi, wakishamaliza kulipa na kufungiwa taji, hulihesabu jino hilo kuwa jambo lililokwisha. Mimi kazi yangu ni kutazama vinywa vya watu kila siku, na hapo ndipo ninapoona hatari. Kinachoshika jino lile ni nyama na mfupa wako mwenyewe, na hivyo viwili vinaugua. Vikiugua, haviumi mapema. Mgonjwa anapofika akisema jino linacheza, mara nyingi mfupa umekuwa ukipotea polepole kwa miaka.

Mwongozo huu unafuata safari yenyewe, tangu kabla ya kupandikiza hadi siku tatizo likijitokeza. Kama jino lako limeshafungwa, anza hatua ya tatu, lakini usiiruke sehemu inayofuata.

Elewa kwanza kilichomo kinywani

Jino la asili halijagusana na mfupa moja kwa moja. Limening'inizwa kwa nyuzi nyingi fupi zinazotoka kwenye mfupa na kuzama ndani ya mzizi. Nyuzi hizo zina mishipa ya damu na ya fahamu. Ukitafuna kijiwe kwenye wali, ndizo zinazokustua kabla hujavunja jino.

Kipandikizi, yaani ile skrubu ya titani iliyo ndani ya mfupa, hakina nyuzi hizo. Mfupa umeota ukakamatana na titani yenyewe. Jambo hili liligunduliwa na Per-Ingvar Brånemark wa Sweden, ambaye mwaka 1952 alikuwa akichunguza mfupa wa sungura kwa vifaa vya titani na akakuta havitoki tena. Mwaka 1965 alimpandikizia mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, naye alivitumia vipandikizi vyake hadi alipofariki mwaka 2006. Kwa hiyo kipandikizi kinaweza kudumu zaidi ya miaka 40, mradi kinachokizunguka kibaki kizima.

Tofauti iliyo muhimu zaidi kwako iko juu ya mfupa, kwenye ufizi. Kwenye jino la asili, nyuzi za ufizi huingia kwenye mzizi na kufunga mlango. Kwenye kipandikizi, nyuzi hupita kando yake au kukizunguka bila kuingia. Ufizi umekibana tu, kama kanzu inavyobana shingo, haujashonwa nacho. Damu inayofika hapo nayo ni kidogo, kwa kuwa mishipa iliyokuwa kwenye nyuzi za jino haipo tena. Uchafu ukikaa hapo, maambukizi hushuka kwa urahisi zaidi, na mfupa hauko mbali.

Hatua ya 1: Kabla ya kupandikiza, tibu fizi zilizopo

Mtu aliyepoteza meno kwa sababu ya ugonjwa wa fizi ana hatari kubwa zaidi ya kupoteza mfupa kwenye kipandikizi kuliko aliyepoteza jino kwa kuanguka na bodaboda. Bakteria walioharibu mfupa wa kwanza bado wanaishi kwenye meno yaliyobaki, na watahamia kwa mgeni. Kwa hiyo daktari akikwambia tusafishe kwanza, tutibu fizi, kisha tusubiri miezi kadhaa tuone, usimwone kuwa anakuzungusha. Anayekukubalia kukupandikiza siku hiyo hiyo huku fizi zako zinatoka damu kila pembe ndiye wa kumtilia shaka.

Mweleze daktari hali yako yote. Kama una kisukari, nenda na majibu ya HbA1c, kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari kwa takribani miezi mitatu. Sukari isiyodhibitiwa huchelewesha vidonda kupona na kudhoofisha kinga ya fizi. Ukiona kipimo kiko juu, kazi ya kwanza ni kukishusha pamoja na daktari wako wa kisukari, na operesheni isubiri.

Kama unatumia dawa za kuimarisha mifupa, hasa zile za jamii ya bisfosfoneti au sindano ya denosumabu, ambazo hutolewa kwa udhaifu wa mifupa na kwa baadhi ya saratani, lazima zitajwe. Dawa hizi zinaweza kusababisha mfupa wa taya kufa baada ya kuguswa na upasuaji. Vivyo hivyo kama uliwahi kupigwa mionzi ya saratani kichwani au shingoni. Watu huzisahau kwa sababu hawaoni uhusiano wa sindano ya mifupa na jino.

Sigara, ugoro na tambuu: acha, na kama kuacha kumekushinda, sema ukweli kuhusu kiasi unachotumia. Sigara hubana mishipa midogo ya damu. Ubaya wake wa pili ni wa kificho: fizi za mvutaji hutoka damu kidogo kuliko inavyostahili, kwa hiyo ile dalili ya kwanza ambayo ingekuonya inanyamazishwa.

Baada ya kung'oa jino, mfupa uliolishika huanza kusinyaa. Kwa mwaka mmoja upana wake unaweza kupungua karibu nusu, na sehemu kubwa ya upungufu hutokea miezi mitatu ya mwanzo. Kama unajua utataka kipandikizi, lizungumze siku ile ile ya kung'oa. Daktari anaweza kujaza shimo kwa unga wa mfupa ili kupunguza kusinyaa, au kupanga tarehe mapema. Wengi huja baada ya miaka, ukingo wa taya umekwisha kuwa mwembamba, na hapo gharama ya kuongeza mfupa huja juu ya gharama ya jino.

Uliza pia nafasi. Kati ya kipandikizi na jino la jirani inatakiwa angalau milimita 1.5 za mfupa, na kati ya vipandikizi viwili angalau milimita 3. Pakibanwa zaidi ya hapo, mfupa wa katikati hukosa damu ya kutosha na kusinyaa, na kibrashi cha kusafishia katikati ya meno hakitapita. Kuna wakati jibu zuri kwa mapengo matatu ni vipandikizi viwili na daraja, yaani meno yaliyoungana yanayobebwa na vipandikizi hivyo, ingawa mgonjwa alikuja akitaka vitatu.

Hatua ya 2: Wiki za kupona

Saa 24 za kwanza usisukutue wala kutema kwa nguvu, ili bonge la damu lililoziba kidonda lisitoke. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa juu ya shavu, dakika chache kisha pumzisha. Uvimbe huongezeka hadi siku ya pili au ya tatu ndipo uanze kushuka, kwa hiyo asubuhi ya siku ya pili usiogope kioo.

Kula vya vuguvugu na vilaini: uji, mtori, viazi vya kuponda, mayai, samaki aliyetolewa miiba. Bisi, njugu na mifupa ya kuku viache kabisa, na chai ya moto isubiri ipoe. Meno mengine endelea kuyapiga mswaki kama kawaida, ila kidonda usikiguse mpaka uruhusiwe. Mara nyingi daktari ataandika dawa ya kusukutua ya klorheksidini, ya asilimia 0.12 au 0.2, mara mbili kwa siku kwa wiki moja hadi mbili. Itenge na dawa ya meno kwa nusu saa hivi, kwa sababu povu la dawa ya meno hupunguza nguvu yake. Usiendelee nayo kwa miezi, kwani hutia meno na ulimi rangi ya kahawia na kuharibu ladha ya chakula.

Kama unafunga Ramadhani, panga operesheni nje ya mwezi huo ikiwezekana. Ikishindikana, kubaliana na daktari ratiba ya dawa na kusukutua itakayofuata futari na daku.

Sasa kuna jambo moja ambalo wagonjwa hawaambiwi vya kutosha. Siku ya kwanza kipandikizi hukazwa na mfupa wa zamani kwa kubanwa tu. Katika wiki zinazofuata mwili huumega mfupa ule uliojeruhiwa na drili ili kujenga mpya, na kwa muda kipandikizi hushikwa kwa nguvu ndogo kuliko siku kilipowekwa. Udhaifu huo huwa mkubwa kati ya wiki ya pili na ya nne. Angalia majira yake: nyuzi za kushonea kidonda zimetolewa, uvimbe umekwisha, maumivu hayapo, na mtu anajiona amepona. Ndipo anaporudi kwenye muhindi wa kuchoma. Kutokuumwa hakumaanishi kuwa mfupa umeshika. Tafunia upande wa pili hadi daktari apime na kukwambia tayari, jambo ambalo kwa kawaida huchukua miezi miwili hadi mitatu kwenye taya la chini, na taya la juu linaweza kuhitaji zaidi, kwa kuwa mfupa wake ni laini.

Hatua ya 3: Siku ya kufungiwa taji, chukua kumbukumbu

Hii ndiyo siku inayopotezwa na wengi. Mgonjwa anafurahia tabasamu, daktari anamaliza kazi, kila mtu anakwenda zake. Kabla hujatoka kwenye kiti, hakikisha mambo manne yamefanyika.

La kwanza ni eksirei ndogo ya kipandikizi hicho, iliyopigwa sawasawa ili nyuzi za skrubu, ile mizunguko yake ya nje, zionekane wazi pande zote mbili. Hiyo ndiyo itakayolinganishwa na kila picha ya baadaye. Omba nakala, iweke kwenye simu na mahali pengine pia.

La pili ni vipimo vya kina cha ufizi kuzunguka jino, vilivyoandikwa kwenye faili. Kina cha milimita 4 peke yake hakisemi kitu. Kina kilichokuwa 3 kikawa 6 kinasema mengi.

La tatu ni kadi ya kipandikizi yenye jina la mtengenezaji, aina, urefu, kipenyo na namba ya toleo. Kama umetibiwa India, Dubai au Uturuki na utakuwa unahudumiwa Dar es Salaam, Mombasa au Lubumbashi, kadi hii ina thamani kama risiti ya kiwanja. Kila mtengenezaji ana bisibisi yake na vipuri vyake. Skrubu ikilegea na hakuna anayejua kipandikizi ni cha nani, daktari wa nyumbani atabaki anabahatisha.

La nne ni usafishikaji. Mwombe daktari akuonyeshe kwa kioo, kisha wewe mwenyewe upitishe kibrashi pande zote mbele yake. Kama hakipiti, taji lirekebishwe sasa. Taji lililotuna chini kama kikombe kilichopinduliwa linapendeza kwa picha, ila linafunika ufizi na hakuna mswaki utakaofika. Uliza pia limeshikwaje: kwa skrubu au kwa saruji, ile gundi ya meno? La saruji linaweza kuacha mabaki chini ya ufizi, na mabaki hayo hukaa pale yakikusanya bakteria hadi mfupa unaanza kuliwa. Taji la skrubu huepusha hatari hiyo na pia hufunguka likihitaji kusafishwa. Kama lako ni la saruji, rudi wiki chache baadaye likaguliwe.

Mwaka wa kwanza mfupa unaweza kushuka kidogo wakati mwili unazoea jino. Hilo ni la kawaida. Baada ya hapo unatakiwa utulie, ndiyo maana eksirei ya kutimiza mwaka ni ya lazima kwangu.

Hatua ya 4: Kusafisha kila siku

Adui ni ukoga, ule utando laini unaorudi kila baada ya kula na kulala. Ukiachwa hugeuka ugaga mgumu, na ugaga hautoki kwa mswaki. Mabao mengi ya mchezo huu hufungwa sebuleni kwako, si kwenye kiti cha daktari.

Tumia mswaki laini mara mbili kwa siku, nywele zake zikielekea ukingo wa ufizi kwa mshazari, nusu zikigusa taji na nusu zikigusa ufizi. Sogeza kwa mitikisiko midogo. Upande wa ndani, unaotazama ulimi, ndio unaosahaulika, hasa kwenye magego ya chini. Fungua kinywa nusu tu, kwa sababu ukikifungua sana shavu linakaza na kukunyima nafasi. Ingiza kichwa cha mswaki, kigusishe nyuma kabisa ya taji ambako hakuna jino linalofuata, kisha vuta mbele taratibu ukifuata mzunguko wa ufizi. Mswaki mdogo wenye kishungi kimoja cha nywele hufika pale ambapo wa kawaida unashindwa.

Baada ya hapo kibrashi cha katikati ya meno. Chagua chenye waya uliovikwa plastiki ili usikwaruze titani. Ukubwa wake achague daktari kwa kujaribisha. Kinatakiwa kiingie kwa kubana kidogo, nywele ziguse pande zote mbili. Kikipita kama mpira kwenye goli tupu, ni kidogo mno na hakisafishi kitu. Ingiza kutoka nje kuja ndani, vuta mara chache, suuza, rudia kutoka ndani kama unaweza. Hii ni mara moja kwa siku, na usiku ndio wakati mzuri zaidi.

Uzi wa kawaida wa meno una angalizo. Ukishafika kwenye nyuzi za skrubu zilizo wazi au sehemu yenye mikwaruzo, huchanika na kuacha vipande chini ya ufizi, na vipande hivyo vimekutwa vikichochea uvimbe na kupotea kwa mfupa. Kwa jino la kupandikiza, kibrashi ni salama zaidi. Kwa daraja refu, uliza uzi mnene wenye sehemu ya sifongo. Mashine ya kurusha maji husaidia kutoa mabaki ya chakula, lakini iwe nyongeza ya mswaki.

Mswaki wa mti unaweza kuendelea nao ukipenda, kwa upande wa nje, ncha ikiwa imetafunwa ikalainika. Ndani na katikati ya meno haufiki vizuri, kwa hiyo usiufanye wa pekee. Mkaa, majivu na chumvi ya mawe viache, vinakwaruza taji na ufizi. Vijiti vya kuchokonolea, pini na kona ya kadi ya simu visikaribie hapo hata kidogo.

Wapo wanaoacha kusafisha kwa sababu panauma kila mswaki unapogusa. Mara nyingi sababu ni kwamba kipandikizi kimezungukwa na ile nyama laini inayochezacheza ya shavu badala ya ufizi mgumu uliotulia juu ya mfupa. Ufizi mgumu ukipungua chini ya milimita 2, kusafisha huwa mateso, ukoga huongezeka na uvimbe hufuata. Usivumilie kimya kimya. Upo upasuaji mdogo wa kuhamisha kipande cha ufizi kutoka kwenye paa la kinywa na kukishona hapo, na baada yake mtu huweza kupiga mswaki bila kukunja uso.

Hatua ya 5: Jikague mwenyewe

Mara moja kwa mwezi, simama kwenye mwanga wa dirisha na kioo. Vitabu vingi hukwambia utafute wekundu. Kwa wengi wetu fizi zina madoa ya kahawia au weusi wa asili, ambao si ugonjwa, na wekundu hujificha ndani yake. Tafuta badala yake kung'aa: ufizi wenye uvimbe hukaza na kung'aa kama ngozi iliyopakwa mafuta, na ukingo wake hututumka. Linganisha na ufizi wa jino la jirani.

Kisha bonyeza ufizi kwa kidole safi kutoka chini kuelekea taji. Usaha ukitoka, hata tone, piga simu kliniki siku hiyo. Damu kwenye kibrashi siku mbili tatu mfululizo mahali pale pale ni sababu tosha ya kwenda. Vilevile ladha mbaya isiyoisha, chakula kuanza kunasa mahali ambapo hakikuwa kinanasa, au ukingo wa kijivu wa chuma kuchungulia.

Jino likicheza, usilizungushe kwa vidole kutaka kujua linafika wapi. Mara nyingi ni skrubu ya taji tu iliyolegea, kitu kinachokazwa kwa muda mfupi. Likiachwa linacheza, bakteria huingia kwenye mwanya na skrubu inaweza kukatikia ndani. Kama unasaga meno usingizini, mwambie daktari akutengenezee kinga ya usiku, kwa sababu kipandikizi hakina zile nyuzi za kukustua.

Hatua ya 6: Ziara za ukaguzi

Kila miezi sita kwa mwenye fizi imara na mswaki mzuri. Kila miezi mitatu au minne kwa aliyewahi kuugua fizi, mvutaji, au mwenye kisukari. Ukimya wa jino usikubadilishie tarehe.

Kwenye kiti, tarajia daktari atembeze kijiti chembamba chenye alama za milimita kuzunguka jino, kwa mkono mwepesi. Wapo wanaokataa wakihofia kuharibu ufizi. Ufizi hujifunga tena ndani ya siku chache, na bila kipimo hicho hakuna ajuaye kinachoendelea chini. Sikiliza namba zinapotajwa, na uulize zilikuwa ngapi mara iliyopita.

Mwaka 2017 wataalamu wa fizi wa Marekani na Ulaya walikutana Chicago wakakubaliana namna ya kuziita hali hizi. Kipandikizi kizima hakina uvimbe wala damu kinapopimwa, na mfupa umetulia. Kukiwa na damu na uvimbe lakini mfupa haujapotea zaidi ya ule wa mwanzo, ni uvimbe wa ufizi peke yake, ambao kwenye faili utaona umeandikwa mukosaitisi. Damu au usaha, kina kilichoongezeka na mfupa uliopotea vikikutana, ugonjwa umefika kwenye mfupa, nao huitwa peri-implantaitisi. Kama hakuna kumbukumbu za zamani za kulinganisha, daktari huchukua kina cha milimita 6 au zaidi pamoja na damu, na mfupa ulioshuka milimita 3 au zaidi. Utaona ni kwa nini niling'ang'ania eksirei ya siku ya taji: asiye nayo husubiri hadi milimita 3 ziondoke ndipo aaminiwe.

Hatua ya 7: Ukiambiwa ni uvimbe wa ufizi

Hii ni habari njema iliyovaa nguo mbaya, kwa kuwa hali hii hurudi nyuma kabisa. Ukoga na ugaga huondolewa kwa vifaa visivyokwaruza titani au kwa mnyunyizo wa unga laini, taji hukaguliwa kama linasafishika, na wewe unafundishwa upya kushika kibrashi. Kisha urudi baada ya miezi miwili au mitatu upimwe tena.

Dawa za kumeza za kuua bakteria hazihitajiki hapa. Miongozo ya Ulaya ya mwaka 2023 inazikataa kwa hali hii. Uwe na subira pia. Katika majaribio ambayo watu waliacha kusafisha kwa wiki tatu kisha wakaanza tena, ufizi wa kipandikizi ulivimba zaidi kuliko wa jino la asili, na wiki tatu za kusafisha hazikutosha kuutuliza kabisa. Ukiendelea kuona damu kidogo wiki ya pili, usiache. Damu ile inataka kibrashi zaidi.

Hatua ya 8: Mfupa ukishaanza kupotea

Kosa ninaloliona mara kwa mara ni mtu kupitia duka la dawa, kununua dawa za kuua bakteria, amoksisilini na metronidazoli, kuona uvimbe umeshuka, na kuamini amepona. Bakteria wamejenga utando juu ya nyuzi za skrubu zenye mikwaruzo, na dawa ya kumeza haiung'oi utando huo. Uvimbe unashuka, mfupa unaendelea kuliwa. Na kama unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda kama wafarini, metronidazoli inaweza kuizidishia nguvu hadi utoke damu hatari.

Matibabu huanza bila kisu: kusafisha chini ya ufizi kwa ganzi, kuondoa saruji kama ipo, kurekebisha au kufungua taji, kudhibiti sukari na sigara. Baada ya wiki sita hadi kumi na mbili hupimwa tena. Kina kikibaki milimita 6 au zaidi na damu ikiendelea, upasuaji hufuata. Ufizi hufunuliwa, nyama yenye ugonjwa hutolewa, nyuzi za skrubu husafishwa zikionekana kwa macho. Kama mfupa umepotea kwa umbo la shimo lenye kuta, unga wa mfupa unaweza kujazwa. Kama umeshuka tambarare, hakuna kitu cha kuushikilia unga, na ufizi hushushwa ili pasafishike.

Elewa lengo kabla ya kukubali. Lengo ni kuzuia ugonjwa usiendelee. Mfupa wote kurudi ni jambo la kutarajia kidogo, na ufizi ukipona hushuka, jino likaonekana refu na pengine chuma kikachungulia. Kwa jino la mbele hilo ni pigo la sura, na lizungumzwe mapema. Ziara za miezi mitatu mitatu zinaanza upya hapo, kwani ugonjwa huu hurudi kwa urahisi.

Kipandikizi chenyewe kikicheza, mbali na taji, mshikamano wake na mfupa umevunjika na hakuna matibabu ya kuurudisha. Kinatolewa. Wakati mwingine huamuliwa kitolewe hata kabla ya kucheza, kama mfupa uliobaki ni kidogo na kungoja kutaharibu jino la jirani. Kidonda huachwa kipone kwa miezi kadhaa, kisha mnaweza kuzungumza kuhusu kuongeza mfupa, daraja, au meno ya bandia ya kuvaa na kuvua, ambayo kwa baadhi ya watu ndiyo chaguo la busara zaidi.

Kabla hujakubali kipandikizi cha pili mahali pale pale, mtake daktari akutajie kilichokiondoa cha kwanza: ukoga, saruji, taji lisilosafishika, kukaa vibaya, sigara, sukari, au kusaga meno. Jibu hilo liandikwe kwenye faili lako pamoja na kilichobadilishwa safari hii.